Mkono Kooni mwa Mbwa

Nianze na lile la aibu, maana nikiliacha mwisho nitalipunja. Nilichomwa sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa, nikashusha mkono wa shati, nikarudi zangu Katoro. Rafiki yangu, ambaye mate ya mbwa yule yule yalimmwagikia mikononi, sikumwambia kitu. Siku mbili. Nilikuwa nimeshaelezwa kwamba asipochomwa anaweza kufa, na kifo chenyewe nilishaelezwa kilivyo. Bado nilinyamaza, kwa sababu niliona haya kuonekana mjinga.

Ukitaka kuishia hapo, ishia, sitakulaumu. Ukibaki nitakueleza ilivyokuwa.

Mimi shule niliishia kidato cha pili. Huwa nasema shule iliniacha, lakini walimu wangu wangekuwepo hapa wangekwambia vingine. Kazi yangu ni karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, inayopiga kelele mpaka ukirudi nyumbani unaongea na mkeo kama unamwita ng'ambo ya mto. Udaktari wa mbwa na paka ulinijia kwa bahati mbaya. Kabla ya karasha niliwahi kumfanyia kazi bwana mifugo mmoja, mzee mstaafu mwenye duka la dawa za mifugo hapa mjini. Kazi yangu ilikuwa kushika ng'ombe pembe joshoni wakati yeye anachoma. Nikashika pembe, na masikio nayo yakashika maneno.

Nilijifunza kufunua mdomo wa mbwa nikatazama fizi. Zikiwa na damu yake nzuri, sawa. Zikiwa nyeupe kama karatasi, basi kupe au minyoo wameshamnywa. Nilijifunza kuvuta ngozi ya shingo na kuiachia. Ikirudi upesi, mwili una maji. Ikibaki imesimama kama hema, mbwa amekauka. Nilijifunza kwamba sikio la paka linalonuka na kutoa kitu kama masalia ya kahawa lina wadudu, na paka hakurogwa na jirani. Watu wa huku mbwa akipata ukurutu wanampaka oili chafu ya gari. Mbwa anajilamba, oili inaingia tumboni, anakufa na ukurutu wake. Mimi nilikuwa nawachukua mbwa hao nawapeleka kwa mzee, mzee anawachoma, wanaota manyoya upya, sifa nabaki nazo mimi.

Mambo mengine nilifanya mwenyewe. Kuna watoto wanne wa mbwa waliokuwa wanahara damu na kutapika. Niliwanywesha maji ya chumvi na sukari kwa bomba la sindano lisilo na ncha, kidogo kidogo, kutwa nzima. Akapona mmoja, na huyo ndiye aliyenitangaza mji mzima. Wale watatu hawakuwa na la kusema.

Paka niliua mmoja, tena wa mke wangu. Alikuwa na mafua, macho yamejaa tongotongo, mwili wa moto. Nikampa nusu kidonge cha paracetamol, si ndicho ninachomeza mwenyewe kichwa kikiuma. Kufika jioni uso umemvimba, fizi zimekuwa rangi ya udongo, anahemea mdomo. Kesho yake mzee aliniambia paka hapewi paracetamol kabisa, hata kipande. Mke wangu alinisamehe kwa maneno. Lakini mpaka leo akiniona na kidonge mkononi anasimama kwanza, anatazama nampelekea nani.

Jina la Dokta nilipewa kwa sababu ya mapanki. Mapanki ni ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa. Yanatoka mwaloni Nkome, samaki wanakoshushwa, na kwingine ziwani, yanafika sokoni kwetu, binadamu tunakaanga vichwa, mbwa wanapewa migongo. Kwa hiyo Katoro mbwa akikohoa, kila mtu ni bingwa: ana mwiba. Na mara nyingi kweli anao. Mwaka fulani mbwa wa mama muuza vitumbua alikuja anatoa udenda, anajikuna mdomo kwa miguu ya mbele, anasugua uso chini. Rafiki yangu akamshika taya, mimi nikaingiza vidole viwili, nikatoka na mwiba wa kama kijiti cha kiberiti, uliokuwa umekwama kwenye magego. Watu walipiga makofi. Mama akanipa vitumbua sita. Tangu siku ile nikawa Dokta, na rafiki yangu akawa msaidizi wa Dokta.

Huyo rafiki ni dereva wa bodaboda, mrefu, ana vidole kama koleo. Haogopi mnyama. Tumefahamiana tangu tukiwa vijana wa kubeba viroba vya mawe machimboni, na kazi yake kubwa maishani ni kunicheka. Ndiye aliyeiambia stendi nzima kwamba mimi nilifeli baiolojia kwa sababu mwalimu alichora chura na mimi nikaandika ni kobe. Ni kweli, lakini halikuwa lake kutangaza.

Alikuwa na mbwa jike, mwekundu, mkia umepinda kama mpini wa kikombe. Alimwokota machimboni wenye kambi walipohama. Mkewe hakumpenda kabisa, alisema nyumba ya watu wawili haina haja ya wa tatu anayenuka. Yeye alimpenda kiasi kwamba abiria akimsema vibaya yule mbwa alishushwa. Siku walipopita watu wa mifugo na chanjo ya bure ya mbwa, alimfungia ndani. Huku wengi wanaamini mbwa akichanjwa anakuwa mpole, habweki tena, wezi wanamzoea. Mimi nilikuwepo, na nilijua si kweli, mzee alishaniambia. Nilicheka tu nikanywa chai yake.

Basi Jumatatu moja alinijia karashani asubuhi, amembeba mbwa mbele ya pikipiki kama gunia.

"Dokta, mgonjwa wako huyu. Ana mwiba."

"Alikula nini?"

"Mapanki, juzi. Tangu jana hali, maji hamezi, mdomo haufungi. Na kubweka kwenyewe kumekuwa kama mlango unaohitaji grisi."

Nikamtazama. Taya la chini limening'inia, ulimi uko nje, udenda unatiririka mpaka kifuani. Ametulia. Hakujikuna mdomo hata mara moja. Hilo nililiona kwa macho yangu haya, nikalipita kama mtu anavyopita kibao cha barabarani.

"Mwiba," nikasema. "Tena uko chini kabisa."

Wachimbaji walishakusanyika. Dokta akiwa na watazamaji huwa hakubali kushindwa. Nikamwambia rafiki yangu apanue taya. Akapanua, kirahisi mno, halikuwa na nguvu yoyote. Nikaingiza vidole, sikukuta kitu. Nikaingiza mkono, vidole vyote vinne, mpaka kifundo. Nikapapasa. Meno yakanikwangua mgongo wa mkono. Rafiki yangu mate yanamchuruzika kwenye viganja, na kidole gumba chake kilikuwa na mpasuko, alijikata akibadilisha mnyororo. Nakikumbuka kile kidole kuliko ninavyokumbuka sura ya baba yangu.

"Bado hujafika tumboni?" akaniuliza. "Ukikuta funguo zangu humo uniletee."

Watu wakacheka. Mwiba haukuwepo. Ningesema tu, sijauona, twende kwa mzee. Lakini nikatoa mkono, nikaufuta kwenye suruali, nikatamka kwa sauti ya hospitali: "Umeshashuka. Koo limevimba tu. Mpe mafuta ya kula kijiko kimoja asubuhi na jioni, na tonge la ugali ulisukume mwenyewe kwa kidole mpaka kooni, uvimbe utalainika."

"Asante, Dokta," akasema, safari hii bila utani. Akampakia mbwa wake akaondoka.

Jumanne nilikwenda dukani kwa mzee kununua dawa ya minyoo ya paka wa mpangaji mwenzangu. Kwa kujisifu nikamsimulia kisa cha jana. Nilifika kwenye funguo za pikipiki, nikawa nacheka peke yangu. Mzee aliweka kalamu chini.

"Bhebhe, acha kucheka," akasema. Bhebhe kwa Kisukuma ni wewe, ila akilitamka mzee huwa ni zaidi ya wewe. "Mbwa alikuwa anajikuna mdomo?"

"Hapana."

"Sauti imebadilika?"

"Imekauka kidogo."

"Maji anameza?"

"Hamezi, mzee, si ana mwiba."

"Mwenye mwiba anahangaika. Anajikuna, anajisugua, anataka uutoe. Aliyetulia taya limelegea, sauti imeharibika, hamezi, huyo ni wa kuogopwa. Wewe unadhani kichaa cha mbwa lazima akimbize watu njiani? Kuna cha kimya. Kichaa cha kimya ndicho kinachoua mabingwa kama wewe, wanaotafuta mwiba. Leta huo mkono."

Nikauleta. Mikwaruzo mitatu, midogo, imeshaanza kukauka. Akanivuta mpaka kwenye bomba la nyuma ya duka, akanipa kipande cha sabuni ya mche, akasimama na saa yake. Robo saa nzima alinifanya ninawe maji yanatiririka, nikitaka kuacha ananiambia bado. Huku nanawa ananieleza. Kwamba ugonjwa unatambaa polepole kutoka kwenye kidonda kwenda kichwani, unaweza kuchukua wiki au miezi. Kwamba ukichomwa mapema unapona kabla hujaumwa. Kwamba ukisubiri mpaka uone dalili, maji yanakukaba ukiyatazama tu, na hapo hakuna daktari duniani atakayekusaidia, wanakufungia chumba ukafie humo.

"Mbwa ni wa nani?"

Nikamtajia ni wa dereva mmoja wa bodaboda.

"Nani mwingine alimshika mdomo?"

Hapo ndipo. Nimelirudia lile swali mara nyingi sana kichwani, na kila mara najibu vizuri. Siku ile nilisema, "Nilimshika peke yangu."

Sijui niseme nini cha kunitetea. Niliona tu jana yake, makofi, sauti yangu ya hospitali. Nikaona nikimwambia rafiki yangu kwamba mwiba niliutunga, na kwamba nimemwagiza aingize kidole kooni mwa mbwa kichaa asubuhi na jioni. Nikasema moyoni, nitamwambia mwenyewe, kiume, nikishapata sindano. Mtu akishaanza kusema nitamwambia mwenyewe, jua hatamwambia.

Kituo cha afya cha karibu dawa ilikuwa imeisha. Nikapanda Noah ya abiria mpaka Geita mjini, nimekaa nimeushika mkono wangu wa kulia kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyebeba yai. Hospitali pale nesi mama mmoja alinipokea vizuri. Akaandika kwenye daftari, akanichoma, akanipa kadi ya tarehe za kurudi: Ijumaa, halafu wiki inayofuata, halafu mwisho wa mwezi.

"Kuna mwingine aliyegusa mate ya huyo mbwa?"

"Hapana, mama."

Mara ya pili ilitoka kwa urahisi. Wala sikumeza mate.

Jumatano nilisaga mawe kutwa. Rafiki yangu alinipigia mchana. Nikaona jina lake kwenye kioo cha simu, nikaiacha iite, akapiga tena.

"Dokta, hali imekuwa mbaya. Miguu ya nyuma haisimami. Mafuta nampa, tonge nasukuma lakini linarudi. Nimekaa naye tangu asubuhi, sijabeba abiria."

"Acha mafuta," nikasema.

"Niache?"

"Acha. Usimguse tena. Mwache apumzike."

"Kwani vipi?"

"Apumzike tu. Halafu, unawe mikono."

Akacheka kidogo. "Dokta na usafi wako."

Nikakata. Nilikaa juu ya gunia la mawe karasha zikiniungurumia, nikahesabu. Jumatatu jioni, Jumanne asubuhi, Jumanne jioni, Jumatano asubuhi. Mara nne alishaingiza kile kidole chenye mpasuko kwa maelekezo yangu. Nikairudia hesabu hiyo kwa sauti peke yangu, mpaka kijana tunayepokezana zamu akaniuliza kama nina malaria. Nikamwambia ndiyo. Nikanywa dawa ya malaria mbele yake ili nionekane ninayo. Kidogo tu ningecheka, maana hilo nalo lilikuwa tusi kwa elimu yangu yote ya joshoni.

Alhamisi asubuhi mke wangu alikuwa anafua. Akaikuta kadi kwenye mfuko wa shati. Yeye alimaliza darasa la saba tu, lakini anasoma kila kitu, mpaka maandishi ya kwenye mfuko wa sukari. Aliisoma yote akiwa amechuchumaa, mapovu yanamdondoka kwenye viwiko.

"Umeng'atwa na mbwa?"

Nikamweleza. Kufanya hivyo kwenyewe kulikuwa kama kutapika, nikianza siachi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na shemeji kachomwa lini?"

Nikatazama beseni.

"Nakuuliza, shemeji kachomwa lini?"

"Bado sijamwambia."

Alisimama. Nilidhani atanipiga na shati lililolowa, na ningeshukuru. Alisema kwa sauti ya chini, "Yule paka wangu hukujua. Nilikusamehe kwa sababu hukujua. Nenda sasa hivi. Usivae vizuri, nenda hivyo hivyo."

Nilikimbia kwa rafiki yangu, mtaa wa pili. Nilimkuta mkewe mlangoni anachambua mchele.

"Shikamoo shemeji," akasema, kwa sababu nimemzidi umri kidogo. "Umechelewa kwa mgonjwa wako. Amekufa jana magharibi. Mwenzio amelia, sijawahi kumwona analia. Amemzika kule nyuma."

"Yeye yuko wapi?"

"Kaondoka alfajiri kwenda kwetu Kharumwa, baba anavuna mpunga. Simu ameiacha inachaji, hii hapa."

"Wewe ulimgusa yule mbwa? Chombo chake? Mate?"

"Mimi? Yule mbwa sikuwahi kumgusa tangu aje." Akaniangalia vizuri. "Shemeji, mbona uko hivyo?"

Nilimweleza hapo hapo mlangoni. Ungo uliinama, mchele ukamwagika wote, hakuuokota. Akaingia ndani akatoka na jina la kijiji alikozaliwa kaliandika kwenye kipande cha karatasi, na jina la baba yake, akanishika mkono wa kushoto, ule mzima, akasema, "Mlete."

Nilikodi bodaboda. Njia kutoka Katoro mpaka Geita, na kutoka Geita kukata kwenda Kharumwa, sikumbuki kitu zaidi ya mgongo wa dereva. Vumbi lilinikausha koo, nikajaribu kumeza, likakataa. Nikasema tayari, limeanza. Nikamwambia dereva asimame, nikanunua maji ya chupa dukani, nikayatazama kwanza kama yatanikaba. Hayakunikaba. Nikayanywa yote. Tulivyoendelea mbele ikabidi asimame tena nijisaidie, akaniuliza kama nina ugonjwa wa sukari.

Kijijini tulifika alasiri, tukaambiwa wako majarubani, kwenye mashamba ya mpunga. Nikavua viatu nikaingia kwenye tope. Nilimwona kutoka mbali, urefu wake ule, anapiga mashuke ya mpunga kwenye pipa pamoja na wakwe zake. Mkono ule wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa kwenye kidole gumba. Alipogundua ni mimi alishangaa, akainua mkono.

"Dokta, umenifuata na rambirambi mpaka ukweni?"

Nikamvuta pembeni, kwenye tuta. Nikamwambia mbwa wake alikuwa na kichaa. Hakukuwa na mwiba wowote. Mate yale ni sumu, ile ni hatari ya kufa, twende hospitali sasa hivi. Nililia wakati naongea, mtu mzima, matope mpaka magotini, wakwe zake wameacha kupiga mpunga wanatutazama.

"Umejuaje?" akauliza.

"Mzee wa dawa za mifugo kaniambia."

"Lini?"

Ningeweza kusafisha kila kitu pale pale kwa neno moja. Nikasema, "Jana usiku."

Alikaa chini kwenye tuta. Akafungua kile kitambaa, akakitazama kidole chake. "Nilikuwa nasukuma lile tonge," akasema, kama anajisimulia. "Nikawa nambembeleza ameze."

Mkwe wake mzee alitupatia maji na sabuni, rafiki yangu akanawa kwenye karai, nikamwambia bado, akaendelea, nikamwambia bado. Jua lilikuwa limeshaanza kuzama, chumba cha sindano Geita tungekikuta kimefungwa, na pikipiki niliyokodi ilikuwa imepata pancha, tukalala hapo ukweni. Alfajiri tukaondoka na pikipiki yake yeye.

Nesi alikuwa yule yule. Siku yangu ilikuwa ndiyo hiyo Ijumaa, akafurahi kuniona.

"Vizuri, chupa nikiifungua inatosha nyie wote wawili." Kisha akamuuliza rafiki yangu imekuwaje, naye akaeleza yote, taya, mafuta, tonge. Nesi akageuza kurasa za daftari nyuma, akaweka kidole.

"Si ni mbwa huyo huyo wa Jumanne?" Akaniangalia mimi. "Baba, nilikuuliza kama kuna mwingine aliyegusa mate. Ukaniambia hapana."

Hakuwa na ukali wowote, alitaka tu kuandika sahihi. Rafiki yangu alikuwa ameshakunja mkono wa shati. Aligeuka akanitazama, na mimi nikatazama ukuta ambapo palibandikwa picha ya mama ananyonyesha mtoto.

"Jumanne," akasema.

Nikaanza kukunja mkono wa shati langu.

"Nilikupigia Jumatano."

Nesi akasema, "Shusha bega, baba," akamchoma. Alipomaliza kwangu, rafiki yangu alishatoka. Nilirudi Katoro kwa Noah.

Mzee wa mifugo alipopata habari alikwenda na wenzake, wakamfukua mbwa, wakachukua kichwa kipelekwe kupimwa. Wakapita nyumba kwa nyumba kuchanja mbwa na paka wa mtaa ule. Majibu yalichelewa, mzee akasema hata yasipokuja msiruke sindano hata moja. Aliponiona hakunigombeza. Aliniambia tu, "Ulinidanganya mimi, sawa. Lakini ulinidanganya nikiwa nimekushikia sabuni."

Wiki zile sikuwa mtu. Kila asubuhi nilijaza maji kwenye glasi, nikayatazama, nikayanywa, mke wangu amesimama mlangoni anajifanya anatafuta fagio. Mkono ukifa ganzi kwa kuulalia, naamka nimelowa jasho. Karasha zikinguruma nasikia mbwa. Lakini ukweli ni kwamba mkono wangu sikuuogopea sana. Mimi nilinawa robo saa na kuchomwa siku ya pili. Nilichokuwa nakiwaza ni kile kidole gumba, na siku zile zote kilizokaa bila dawa kwa sababu yangu. Nilikuwa nazunguka njia ya stendi kila jioni nimwone tu kwa mbali, anaongea, anakula muhindi, anakunywa soda. Akinywa soda nilikuwa napumua. Siku moja alikohoa, nikashika nguzo ya umeme.

Hakunisalimia. Nesi alisogeza tarehe zangu zilingane na zake, chupa moja itutoshe, kwa hiyo zile siku za sindano tulikutana kwenye benchi moja, yeye mwanzo, mimi mwisho, katikati akina mama na watoto wa kliniki. Nilijaribu utani mmoja, kwamba sisi ndio wanaume pekee kliniki ya watoto. Watoto wawili walinicheka. Yeye alitazama mlango.

Watu waliacha kuniletea mbwa, na wachache wanaoleta nawaelekeza kwa mzee. Nikiulizwa neno moja la dalili, nalisema hilo moja tu: mbwa akiachama mdomo na ametulia, usimpanue, ondoka, kaite mtu mwenye glavu na elimu. Mama wa vitumbua aliniuliza kama nimeokoka.

Sindano ya mwisho tulichomwa asubuhi. Nesi akazikusanya kadi, akasema tumemaliza, tuishi. Nilitoka nje nikasimama kwenye kivuli cha ukuta, sikujua nifanye nini na miguu yangu. Yeye alikuja, akawa anafunga jaketi polepole, akakaa kwenye pikipiki bila kuiwasha. Nikamwambia, ndugu yangu, nisamehe. Nikamwambia sina sababu, niliona haya tu.

Akawa anafuta vumbi kwenye kioo cha pembeni kwa kidole gumba, kile kile, kimeshapona, kimebaki na mstari.

"Ungeniambia Jumanne ile," akasema, "ningekucheka mwezi mzima. Stendi nzima ingekucheka. Halafu yangeisha." Akaiwasha pikipiki, akasogea mbele kidogo kwenye kiti. "Sasa hata kukucheka nashindwa. Panda twende."